Skripti za Kuwashia Kontena na Ruhusa za Faili

Kontena halina kerneli yake. Linatumia ile ya kompyuta lililomo, na kerneli haitambui watumiaji kwa majina bali kwa namba. Katika imeji rasmi ya PostgreSQL iliyojengwa juu ya Debian, mtumiaji postgres ni namba 999. Katika ile ya Alpine ni 70. Kwa mpangilio wa kawaida wa Docker kwenye Linux, faili la mtumiaji namba 1000 likipachikwa ndani ya kontena hubaki la namba 1000, hata kama humo hamna mtu mwenye namba hiyo. Likiwa na ruhusa 700, postgres hawezi hata kulisoma.

Imeji hiyo ya PostgreSQL huendesha skripti zilizomo kwenye folda /docker-entrypoint-initdb.d kwa mfuatano wa majina, pale tu folda ya data inapokuwa tupu. Kontena huanza kama root, humkabidhi postgres folda ya data, kisha huvua mamlaka hayo kwa kutumia programu ya gosu kabla ya kugusa skripti yoyote. Faili la .sh lenye ruhusa ya kuendeshwa huendeshwa kama programu inayojitegemea. Lisilo nayo husomwa ndani ya sheli ileile inayowasha kontena, na hapo ndipo mtego ulipo: amri ya exit iliyosahaulika mwishoni mwake huzima kontena zima. Likiwashwa tena, folda ya data si tupu, kwa hiyo skripti zilizobaki hazitaendeshwa kamwe.

Wengi hukimbilia chmod 777. Hiyo huruhusu kila mchakato kuandika upya skripti ambayo kesho huenda ikaendeshwa na root. Ruhusa 755 inatosha. Skripti ikiitwa kupitia sh, hata 644. Ni afadhali ruhusa ziwekwe imeji inapojengwa, kwa COPY --chmod=755, kuliko kurekebishwa kila kontena linapowaka. Kwenye Kubernetes, mafaili ya ConfigMap hupachikwa yakiwa na 0644, hivyo defaultMode hubadilishwa kuwa 0755.

Si kila kikwazo ni cha ruhusa. Skripti iliyohifadhiwa kwa mtindo wa Windows huacha alama isiyoonekana mwishoni mwa mstari wa kwanza, ule unaotaja programu ya kuiendesha. Kwa sababu ya alama hiyo, kerneli hutafuta programu isiyokuwepo na kudai faili halipo, ilhali lipo. Kwenye Fedora, SELinux yaweza kuzuia hata faili lenye ruhusa zote, mpaka upachikaji uongezewe :Z.