Mapango ya Uso na Nuru ya Endoskopi

Mvua zikisha kukatika na mpunga ukisha kuvunwa katika uwanda wa Usangu, mji wa Rujewa huingia katika majira ya vumbi: vumbi la barabara zipitazo malori ya magunia, vumbi la mashamba yaliyokauka, na vumbi la pumba litokalo katika mashine za kukobolea, ambalo ni jepesi kuliko yote na huingia puani kabla mtu hajalihisi. Si ajabu katika miezi hiyo kusikia malalamiko yanayofanana: pua iliyoziba, kipandauso kisichotulia, makamasi mazito ya manjano yateremkayo kooni usiku, na harufu ya wali mpya isiyosikika tena hata sufuria ikifunuliwa mbele ya mwenyewe. Wengi hununua antibiotiki katika duka la dawa, wakapata nafuu ya siku chache, kisha maradhi yakarejea; na desturi hiyo, kwa maoni yangu, imewapotezea watu fedha na afya, kwa sababu maradhi ya namna hii yakidumu aghalabu hayatokani na kukosa dawa kali, bali na njia iliyozibwa.

Ndani ya mifupa ya uso mna mapango ya hewa, ambayo wengi siku hizi huyaita sainasi: mawili makubwa nyuma ya mashavu, mengine katika paji la uso, vijumba vingi vidogo baina ya macho, na mawili yaliyojificha nyuma kabisa, chini ya ubongo. Yote yametandikwa utando laini utoao ute, na juu ya utando huo vimeota vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga pamoja bila kupumzika, vikiusukuma ute na vumbi lililonaswa ndani yake hadi kwenye kitundu kilicho mlango wa pango, kisha puani, kisha kooni, ambako humezwa bila mwenyewe kujua. Mkulima wa Mbarali, ambaye rizki yake imo katika mifereji, anajua maji yafanyavyo mfereji ukizibwa mdomoni: hutuama, yakaoza. Ila hapa pana tofauti moja kubwa. Maji ya mfereji hufuata mteremko, ilhali ute wa pango la shavu hupanda, kwa kuwa mlango wake uko juu, karibu na jicho.

Kupanda huko ndiko kulikowashinda matabibu wa zamani. George Caldwell wa New York mwaka 1893, na Henry Luc wa Paris mwaka 1897, kila mmoja kwa upande wake, walieleza namna ya kulifikia pango la shavu kwa kupasua ufizi chini ya mdomo wa juu na kutoboa mfupa, utando mgonjwa ukakwanguliwa na tundu jipya likafunguliwa chini ili usaha uteremke. Upasuaji huo uliwafaa wengi wala haustahili kudharauliwa, lakini baadhi yao walibaki na ganzi ya shavu na meno, na wengine maradhi yakawarudia. Sababu ilidhihirishwa na Walter Messerklinger wa mji wa Graz, Austria, aliyeuchunguza mwendo wa ute kwa miaka mingi, akaona kwamba hata pango likitobolewa tundu jipya, vinyweleo huupitisha ute kando ya tundu hilo na kuendelea kuupeleka kwenye mlango wa asili. Alichapisha kitabu chake juu ya endoskopi ya pua mwaka 1978, na tangu miaka ya 1980 Heinz Stammberger wa Graz na David Kennedy wa Marekani wakayaeneza maarifa hayo duniani. Hapo ndipo iliposimama fadhila kubwa ya tiba hii ya kuyapasua mapango kwa endoskopi ipitishwayo puani. Watu husifu kwamba haiachi kovu usoni, na ni kweli. Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba tabibu ameacha kuilazimisha pua njia mpya, akaifungua ile iliyoumbwa nayo.

Ala yenyewe, endoskopi, ni fimbo ya chuma yenye unene wa milimita 4 tu, iliyowezekana baada ya Harold Hopkins, mwanafizikia wa Uingereza, kuweka vipande virefu vya kioo mahali pa hewa iliyokuwa kati ya lenzi ndogo za zamani, hata nuru ikapita kwa wingi na picha ikawa safi. Ziko zitazamazo mbele, na ziko zenye ncha iliyokatwa mshazari, zionazo pembeni na nyuma ya kona.

Uchunguzi hauhitaji nusukaputi. Mgonjwa huketi kitini, akatiwa puani pamba iliyoloweshwa dawa ya ganzi na ya kupunguza uvimbe, na baada ya dakika chache daktari huingiza fimbo taratibu huku picha ikionekana katika kioo cha runinga. Huonekana ukuta wa kati ya pua, pengine umepinda. Huonekana vinundu vya nyama vya ubavuni, vyekundu na vyenye maji. Na chini ya kinundu cha kati, mahali padogo mno ambapo milango ya mapango kadhaa hukutana, huweza kuonekana uzi wa usaha ukichuruzika, au kinyama cheupe, chororo, kilichoziba njia yote.

Si kila aonekanaye hivyo hupelekwa kisuni. Mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa siku 10 hivi. Maradhi ya sainasi huhesabiwa sugu yapitapo majuma 12, na hata hapo hutangulia kusafisha pua kwa maji ya chumvi na dawa za kupuliza. Upasuaji ukilazimu, sharti kwanza ipigwe picha ya CT, kwa maana kati ya vijumba vile na jicho pana mfupa mwembamba hata nuru huupenya, na juu yake ndipo ulipo ubongo. Usaha na makamasi yenye harufu mbaya ya upande mmoja huweza kutoka katika jino bovu la juu, na kwa mtoto katika punje aliyojitia puani. Damu ya mara kwa mara ya upande mmoja kwa mtu mzima haifai kungojewa hata kidogo, kwani huenda ni saratani.

Kwa mtu wa Rujewa, njia huanzia hospitali ya wilaya, apate barua ya rufaa, kisha kwa Igawa, Chimala na Uyole hadi Mbeya kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na pengine hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ambako upasuaji huu hufanywa. Jirani na Muhimbili, katika Taasisi ya Mifupa (MOI), mabingwa hupitia puani hata kutoa uvimbe ulio chini ya ubongo. Safari ni ndefu, nami naona hospitali za wilaya zingepewa walau endoskopi ya kutazamia, wengi wangejulikana mapema.

Aliyepasuliwa hukatazwa kupenga kwa nguvu na kubeba mizigo kwa majuma ya mwanzo, magunia ya mpunga yakiwamo. Huosha pua kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi, kamwe si ya mfereji yasiyochemshwa. Na hurudi kliniki zaidi ya mara moja kutolewa magaga, kwani yakiachwa milango huweza kushikamana upya. Basi tarehe za kurudi na aziulize kabla ya kulazwa, ili apange mapema nauli na nyumba ya kufikia.