Waimbaji wa Kamiriithu na Mlango Uliofungwa

Mtu wa Tuwan akiulizwa kama amewahi kuona opera, yamkini atacheka. Jina hilo lilitoka Italia, nalo huwaletea wengi picha ya mabibi wa Kizungu waliovaa nguo ndefu, wakipaza sauti mbele ya wapiga fidla wengi waliovaa suti nyeusi. Lakini jambo lenyewe si la ajabu kama jina lake. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Wala si lazima uwe wa watu wengi. Mwaka 1946 Mwingereza Benjamin Britten alitunga opera ya waimbaji 8 tu na wapigaji wa vyombo wasiozidi 15, kwa sababu baada ya vita kuu fedha zilikuwa haba huko Uingereza, na mchezo mdogo uliweza kusafirishwa kutoka mji hata mji bila ya gharama kubwa.

Ukiondoa fidla na suti, watu wa Kitale na Bungoma wana haki ya kusema kwamba wanayajua mambo hayo tangu zamani. Mpiga litungu wa Kibukusu hukaa na chombo chake, akasimulia kwa wimbo habari za watu waliotangulia, naye peke yake huwa msimulizi, mwimbaji na mpigaji. Tena ziko desturi za matanga, ambapo mzee mwenye heshima akifariki, huitwa fundi wa kuswala kumuse. Fundi huyo hutembea huku na huku mbele ya watu waliokaa kimya, akinena habari za ukoo na kuwaonya walio hai. Kazi hiyo haifanywi na kila mtu. Ina watu wake na ina masharti yake. Hakuna awezaye kuona jambo hilo, kisha akasema kwamba Mwafrika alisubiri kufundishwa mchezo wa kuigiza.

Katika Kenya, kikundi kinachostahili kutajwa mbele ya vingine kwa habari ya michezo ya kuimbwa hakikutoka katika chuo cha muziki. Kilitoka Kamiriithu, karibu na Limuru, kijiji kilichoanzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, watu walipohamishwa kutoka mashamba yao na kukusanywa mahali pamoja. Waimbaji wake walikuwa wachuma chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, walimu wachache, na vijana wasiokuwa na kazi yo yote. Wengi wao hawakuwa wamesimama jukwaani hata siku moja.

Waliowaongoza walikuwa watu wa elimu. Ngugi wa Thiong'o alikuwa mkuu wa idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ngugi wa Mirii alishughulika na elimu ya watu wazima. Na Kimani Gecau, mwalimu katika idara ile ile ya Fasihi, ndiye aliyeongoza michezo. Mabwana hawa wawili wa kwanza waliandika, mwaka 1977, mchezo wa Kikikuyu ulioitwa Ngaahika Ndeenda, maana yake, Nitaolewa Nikipenda. Mazoezi yalifanywa hadharani, na kila aliyepita njiani aliweza kusimama na kutazama. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Wazee walisikiliza maneno yaliyoandikwa na wasomi, wakayakataa. Walisema, mzee wa heshima hawezi kunena hivi mbele ya mkwewe. Walisema, methali hii haitumiwi na kijana. Wasomi wakachukua kalamu zao na kusahihisha.

Jambo la kukumbukwa zaidi ni lile la gitiiro. Gitiiro ni uimbaji wa kale wa Wakikuyu katika mambo ya ndoa, ambamo pande mbili hujibizana kwa nyimbo: huyu huuliza, yule hujibu, huyu hutania, yule hulipiza, na shauri lote huendelea kwa wimbo mpaka mwisho wake. Ngugi wa Thiong'o mwenyewe, alipoandika baadaye habari za Kamiriithu, aliifananisha gitiiro na opera. Lakini aliyeijua sawasawa, mstari kwa mstari, hakuwa yeye wala mwenzake. Alikuwa mama mzee asiyejua kusoma wala kuandika. Alikaa nao akawafundisha, na aliyofundisha yakaingia katika mchezo. Basi mtu akiuliza ni nani aliyeutunga mchezo ule, majina mawili yaliyo juu ya kitabu hayatoshi kuwa jibu kamili.

Hawakuwa na ukumbi, kwa hiyo wakaujenga. Kijana mmoja wao alitengeneza kwanza mfano wake kwa vijiti vya kiberiti, ili wenziwe waone jukwaa litakaa wapi na watu watakaa wapi. Kisha wakaufuata mfano huo kwa mikono yao wenyewe, mpaka uwanja mtupu ukawa ukumbi usio na paa, wenye nafasi ya watu 2,000 na zaidi. Ngaahika Ndeenda ilifunguliwa Jumapili tarehe 2 Oktoba, 1977. Watu walikuja kutoka mbali, na tarehe 16 Novemba Serikali iliondoa ruhusa ya kuucheza. Siku ya mwisho ya mwaka ule Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila ya kushtakiwa, hata mwezi wa Desemba 1978. Alipotoka hakurudishiwa kazi yake katika Chuo Kikuu.

Mwaka ule ule, ng'ambo ya pili ya mpaka wa Malaba, yalitokea mabaya zaidi. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa michezo katika National Theatre ya Kampala, alikuwa ametunga tangu 1971 mchezo wa Kiganda wa kuimbwa, Oluyimba lwa Wankoko, na muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Ni habari ya mtu wa kawaida anayetumia hila hata akavuruga jumba la mfalme. Watazamaji wa Kampala walikumbuka mambo ya mwaka 1966, Kabaka alipofukuzwa na Serikali ya Obote. Mapema mwaka 1977 mchezo huo ulipelekwa Lagos, kwenye tamasha kubwa la mataifa ya watu weusi, kuiwakilisha Uganda. Kawadwa alirudi nyumbani, akakamatwa na watu wa Idi Amin, akauawa. Wenye kusafiri kwa gari-moshi lililopita Bungoma kwenda Kampala walikuwa na habari nyingi za kunong'onezana siku zile, na hiyo ilikuwa moja tu.

Watu wa Kamiriithu waliyajua hayo yote, na bado walirudi jukwaani. Mwishoni mwa mwaka 1981 walianza kujitayarisha kwa mchezo wa pili, Maitu Njugira, yaani, Mama Niimbie. Huu ndio uliokaribia opera kuliko wa kwanza, kwa kuwa nyimbo hazikuwekwa ndani yake kuwa pambo. Zilikuwa ndizo mwendo wa hadithi. Zilizidi 80, nazo zilikusanywa kutoka kwa makabila mengi ya Kenya, si Wakikuyu peke yao. Kimani Gecau aliongoza tena, safari hii pamoja na Waigwa Wachira.

Habari za mchezo ni za miaka ya 1920 na 1930, katika mashamba ya walowezi: kodi, kipande, kazi ya kulazimishwa, na wafanyakazi walioanza kukataa. Msomaji wa Trans Nzoia hahitaji kuelezwa sana. Baada ya vita kuu ya kwanza ardhi ya wilaya hiyo iligawiwa walowezi, na wengi wao walikuwa askari waliostaafu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 ili ichukue mazao yao. Na waliolima mahindi na kahawa walikuwa watu kutoka Bungoma na kwingineko, waliokaa kwenye mashamba hayo kwa kibali cha mwenye shamba na kwa masharti ya kumfanyia kazi. Kila mwanamume alivaa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Ndani yake viliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, na mshahara aliopewa na bwana wa kwanza, hata bwana wa pili asimpe zaidi. Wazee waliovaa vile vipande waliimba walipokuwa wakifanya kazi, na nyimbo za namna hiyo ndizo zilizoifanya Maitu Njugira.

Fikiri basi kazi waliyokuwa nayo waimbaji. Mchuma chai wa Limuru alipaswa kujifunza wimbo wa kabila asilojua lugha yake, ashike matamshi, ashike mahali pa kupumua, ashike pia hatua za miguu, maana nyimbo nyingi za Kiafrika hazikubali kuimbwa na mtu aliyesimama wima kama mlingoti. Tena alifanya hayo baada ya saa za kazi na bila ya mshahara. Katika opera ya Ulaya mwimbaji hulipwa, na huwa na nota mbele yake siku za mazoezi. Hapa nota ilikuwa kichwa cha mwenzako aliyeujua wimbo. Tofauti hiyo si aibu kwa Kamiriithu. Nyimbo 80 zilizowekwa kichwani ni elimu kubwa, ingawa hakuna cheti kilichotolewa kwa ajili yake.

Iliazimiwa mchezo ufunguliwe tarehe 19 Februari, 1982, katika Kenya National Theatre mjini Nairobi. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1952, na kwa miaka mingi jukwaa lake lilikuwa zaidi la michezo ya Kizungu. Unatazamana na hoteli ya Norfolk, mahali ambapo mwezi wa Machi 1922 watu waliokusanyika kudai Harry Thuku afunguliwe walipigwa risasi. Kwa mchezo wa habari za miaka ile, pasingepatikana mahali pa kufaa zaidi. Sheria, hata hivyo, iliyotungwa kabla ya uhuru, ilitaka kila mchezo wa hadharani uwe na hati ya ruhusa. Kikundi kiliomba. Hati haikuja, wala jibu la kukataa halikuja.

Siku ilipofika, waimbaji walikuta milango imefungwa na polisi wapo. Hakuna aliyepigana. Walikuwa wamekwisha kupata nafasi ya mazoezi katika Chuo Kikuu, hatua chache tu kutoka hapo, katika ukumbi unaoitwa Theatre II, nao wakaendelea kufanya mazoezi humo. Mazoezi hayahitaji hati ya ruhusa. Kama watu wakija kutazama mazoezi, basi wamekuja. Nao walikuja kweli. Walikuja wanafunzi, walikuja makarani baada ya kazi, walikuja wakulima kwa mabasi na matatu kutoka mashambani. Walijaza viti, wakajaza njia zilizo kati ya viti, wakajaza ngazi na madirisha. Yasemekana watu zaidi ya 10,000 waliona mazoezi hayo katika siku zisizofika wiki mbili, kabla wakuu wa Chuo hawajaamriwa kufunga mlango huo nao. Bibi mmoja wa Sweden, Ingrid Björkman, alihoji wengi wa watazamaji hao, akaandika kitabu kizima juu ya mchezo ambao, kwa hesabu ya serikali, haukuchezwa hata mara moja.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Tarehe 11 Machi, 1982 Serikali ilifuta uandikishaji wa chama cha Kamiriithu na kupiga marufuku michezo yake yote. Kesho yake malori matatu ya polisi yalifika kijijini, na ukumbi uliotanguliwa na mfano wa vijiti vya kiberiti ukabomolewa mpaka chini. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe. Ngugi wa Thiong'o alikuwa London mwezi wa Juni alipopashwa habari kwamba akirudi atakamatwa. Hakukanyaga tena ardhi ya Kenya hata 2004.

Kazi ya wale waliokwenda Zimbabwe haikupotea. Ngugi wa Mirii alianzisha huko, mwaka 1986, umoja wa vikundi vya michezo ya vijijini, akaufanyia kazi hata alipofariki kwa ajali ya motokaa mwaka 2008. Waliobaki Limuru, yaani waimbaji wenyewe, walirudi kwenye chai na kwenye kiwanda. Hawakuwa na London ya kukimbilia. Pale ukumbi ulipokuwa, ilijengwa shule ya ufundi ya vijana, na haifai kuilaumu shule. Lakini wenye kusema kwamba wanakijiji hawawezi kufanya jambo kubwa bila ya kufanyiwa, wangepita hapo wakaonyeshwa mahali.

Ngugi wa Thiong'o alifariki Marekani tarehe 28 Mei, 2025. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilichezwa katika Kenya National Theatre, ukumbi ule ule, kwa Kikikuyu na kwa Kiingereza. Tiketi ziliuzwa mlangoni, na mlango ulikuwa wazi.