Saa Kumi ya Alasiri



Katika Injili ya Dominika ya Pili ya Mwaka B, Yohane anatusimulia habari ya wanafunzi wawili wa Mbatizaji waliomfuata Yesu, wakataka kujua anakaa wapi, wakaenda, wakashinda kwake. Kisha anaongeza jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama: anataja saa. Ilikuwa kama saa kumi. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna haja ya kufafanuliwa saa hiyo, maana tunazihesabu saa za mchana kama walivyozihesabu watu wa nchi ile, tangu jua kuchomoza. Ni saa kumi yetu hii hii, wakati jua la Unguja linapoanza kuelekea baharini, na pale Forodhani wachoma mishikaki wanaanza kupanga meza zao.

Saa hiyo ina maana gani katika habari ya wokovu? Wataalamu wametoa maelezo mengi. Lakini mapokeo ya zamani husema kwamba yule mwanafunzi wa pili asiyetajwa jina ni mwinjili mwenyewe. Ikiwa ndivyo, basi tunaye mzee anayekumbuka siku iliyopita miaka mingi sana, na bado anaijua saa. Hatuambii walizungumza nini na Yesu. Saa tu ndiyo iliyobaki.

Leo tungependa kueleza namna ya kuzikumbuka nyakati za furaha kuu za maisha yetu. Makatekista wetu wanafundisha vizuri jinsi ya kutafiti dhamiri kabla ya Kitubio, na watoto wanajua kuhesabu dhambi zao kwa vidole. Lakini Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyetuachia utaratibu wa kujitafiti kila siku, aliweka shukrani mwanzoni, kabla ya makosa. Sehemu hiyo tumeiacha. Tunakuja mbele ya Mungu tukiwa na orodha ya madeni, na mema aliyotujalia hatuyakumbuki.

Ugumu mmoja ni kwamba furaha kuu haijitambulishi inapopita. Waswahili husema siku njema huonekana asubuhi, na kwa mambo ya kazi na safari ni kweli. Kwa siku njema za maisha, mara nyingi huonekana usiku umeshaingia. Sisi tukiulizwa siku yetu ya furaha kuu, hutaja upadirisho, maana hilo ndilo jibu linalotazamiwa kwa padre. Tukisema kweli, siku ile viatu vya kuazima vilitubana, na hofu ya kukosea mbele ya Askofu ilitunyima nafasi ya kufurahi. Linalorudi moyoni ni jioni moja ya likizo ya seminari, tumekaa barazani na marehemu mama, tukimenya muhogo, wala hatukuzungumza jambo lolote kubwa. Wakati ule hatukujua kwamba ile ndiyo furaha.

Hapa Unguja tunao ushuhuda wa jambo hili ulioandikwa zamani. Kaskazini ya mji, kando ya bahari, yako magofu ya jumba la Mtoni. Humo alizaliwa mwaka 1844 Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said. Wengi wanamjua kwa jina alilolipata baadaye, Emily Ruete. Hatumtaji kwa sababu alibatizwa, wala hatutaki kuwaudhi majirani zetu Waislamu ambao tunaishi nao kwa wema. Tunamtaja kwa sababu alikaa chini akaandika furaha yake.

Maisha yake yalikuwa na misiba mingi. Baba yake alifariki baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Oman. Mama yake alichukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Akaingizwa katika ugomvi wa ndugu zake, Majid na Barghash, akiwa bado msichana. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden, na mwaka uliofuata akafunga ndoa na mfanyabiashara Mjerumani, wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikanyagwa na tramu, akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Huko ndiko alikoanza kuandika kumbukumbu zake. Mwenyewe anaeleza kwamba aliwaandikia watoto wake, kwa kuwa alikuwa dhaifu na hakutumaini kuishi hadi awaone wakikua. Kitabu kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886.

Na alikumbuka nini? Mambo ya kifalme yamo, lakini yanayong'aa zaidi ni madogo. Tausi na paa na mbuni waliotembea uani Mtoni. Watoto wakifundishwa kupanda farasi. Baba yake akitembea peke yake huku na huko kwenye baraza ya mviringo iliyoelekea bahari, ameinamisha kichwa, akichechemea kwa jeraha la vitani. Yeye mwenyewe akijifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani. Alihama Mtoni akiwa na umri wa miaka kama saba tu, kumbe miaka hiyo michache ilitosha kumlisha mwanamke mzima katika ujane wake.

Mwaka 1885 alirudi Unguja. Ndugu yake Barghash, aliyekuwa Sultani, hakumpokea, bali watu wa kawaida walimsalimu njiani. Alikwenda Mtoni akakuta nyumba imekuwa gofu, akaumia moyo. Hapa tujihadhari kidogo. Kukumbuka furaha si kutaka kurudi ilikokuwa. Anayerudi mahali akidhani furaha imemngoja pale, hukuta kuta zilizoanguka. Mtakatifu Augustino anasimulia katika Maungamo yake jinsi alivyosimama na mama yake Monika dirishani huko Ostia mwaka 387, wakitazama bustani, wakizungumza habari za uzima wa milele. Siku chache baadaye mama aliugua, akafa. Augustino hakurudi kulitafuta dirisha lile. Miaka kama kumi baadaye, akiwa Afrika, aliliandika mbele ya Mungu kama sala.

Lakini liko jambo zito zaidi kuhusu Mtoni, nasi hatuwezi kulinyamazia. Furaha ile ya mtoto ilibebwa na watumwa. Maji ya kuoga, farasi waliotandikwa, chakula cha watu wengi wa jumba lile, vyote vilipita mikononi mwa watu walionunuliwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwezi Juni 1873, na utumwa wenyewe haukukoma kisheria hapa hadi mwaka 1897. Sayyida Salme, pamoja na akili yake na mateso yake, aliutetea utumwa katika kitabu hicho hicho. Mtoto hana hatia kwa kufurahia bustani. Mtu mzima anayeikumbuka bustani anapaswa kuuliza nani aliimwagilia.

Kwa hiyo tunapokumbuka siku zetu njema tuwatazame pia waliosimama kando. Labda alikuwepo mtumishi wa nyumbani ambaye hatukumjua hata jina la baba yake. Labda dada yetu aliacha shule ili sisi tusome, na furaha ya cheti chetu ilikuwa huzuni yake. Tusiitupe furaha kwa ajili hiyo. Tukamshukuru, akiwa hai, au tumwombee. Mara nyingine tunaweza hata kumlipa.

Mjane mmoja wa kigango cha shamba alitueleza jambo hili vizuri kuliko tunavyolieleza sisi. Tulimwuliza wakati gani alifurahi zaidi, tukitazamia ataje harusi. Akasema ni usiku wa msimu wa karafuu, wakati marehemu mumewe na watoto walipokaa pamoja naye kwenye jamvi, taa ya kandili katikati, wakichambua, karafuu huku na makonyo kule, mikono inanuka hadi asubuhi. Halafu akaongeza kwamba alikuwepo kijana wa kibarua kutoka bara aliyekaa ukingoni mwa jamvi na hakucheka. "Sijui alikuwa anawaza kwao," alisema. Tangu hapo humtaja kijana yule katika sala zake, bila kumjua jina.

Makatekista wapendwa, mnapokwenda kwa wagonjwa na wazee, tunawaomba jambo moja. Baada ya sala, msinyanyuke mara moja. Kaeni, mwulizeni mzee ni lini alifurahi. Msimsaidie kujibu. Akitaja jambo dogo, msidhani amekosea swali. Mwulizeni ilikuwa saa ngapi, nani alikuwepo, nani alikuwa mlangoni. Kisha mshukuruni Mungu pamoja naye kwa siku ile ile aliyoitaja, si kwa siku ambayo ninyi mngependa aitaje.

Tunalisisitiza hili kwa sababu sisi wenyewe tulilikosa. Mzee mmoja wa Ng'ambo, mvuvi wa zamani, alituita tumpe Mpako wa Wagonjwa. Tukampaka mafuta, tukampa Komunyo, na moyoni tulikuwa tunahesabu dakika, kwa kuwa tulikuwa na tiketi ya boti ya kwenda Dar es Salaam. Akatushika mkono akasema, "Padre, kaa kidogo nikuhadithie siku niliyofurahi kuliko zote. Ilikuwa alasiri, maji yamejaa..." Tukamwambia, "Nikirudi, mzee wangu, utanihadithia yote." Akauachia mkono.

Tulirudi siku ya nne, akiwa ameshazikwa. Binti yake alikuja kutuona baada ya Misa. Alikuwa amemsikia baba yake, kutoka chumba cha pili, akianza kusimulia, naye akatoka nje kwa adabu ili asisikilize maneno ya padre na mgonjwa. Sasa alitaka kujua baba alisema nini. Tukampa tulichokuwa nacho: kwamba ilikuwa alasiri, na maji yalikuwa yamejaa.