Triatloni ndefu ni mchezo wa wanaojua kujizuia

Mtu akisikia unafanya triatloni, atakuuliza habari za miguu. "Hivi utaweza kukimbia baada ya kuendesha baiskeli kilomita tisini?" Wanauliza kazini, wanauliza mtaani, wanauliza kwenye vikao vya harusi, ambavyo mtu wa mchezo huu huvikosa mno mpaka kamati inamwandikia mchango bila kumshauri. Tumelelewa na majina ya wakimbiaji, akina Filbert Bayi na Kipchoge Keino, kwa hiyo kwetu ustahimilivu ni mbio na mbio ni miguu. Baada ya kufanya mazoezi ya mchezo huu nikiwa mtu wa ofisini na mwenye familia, na kuufikisha mwisho, nimekuja kuamini kwamba miguu ndiyo shida ndogo kuliko zote. Wengi huangushwa na pupa.

Kwanza vipimo. Triatloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote kwa mfululizo, na saa haisimami hata wakati unavua kofia ya kuogelea na kuvaa helmeti. Ile ya Olimpiki, iliyochezwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Ndefu inayojulikana zaidi, Ironman, ni kilomita 3.8, kisha 180, kisha marathoni nzima, na kwa kawaida mshiriki hupewa saa 17 kuimaliza. Nusu yake huitwa 70.3, kwa sababu ukijumlisha maili zake unapata idadi hiyo. Kwa vipimo vyetu ni kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za mbio. Hii ndiyo iliyotusogelea: Agosti 2022 mji wa Rubavu nchini Rwanda, ufukweni mwa Ziwa Kivu, uliandaa Ironman 70.3 ya kwanza Afrika Mashariki.

Ironman yenyewe ilianzia kwenye ubishi. Huko Hawaii watu walibishana nani yuko fiti zaidi kati ya mwogeleaji, mwendesha baiskeli na mkimbiaji. Ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, John Collins, na mkewe Judy wakaona ubishi huo umalizwe kwa vitendo, yakaunganishwa masafa ya mashindano matatu ya kisiwa cha Oahu kuwa shindano moja. Februari 18, 1978 walianza watu 15, wakamaliza 12. Gordon Haller alishinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mimi lakini huvutiwa na aliyekuwa wa pili, John Dunbar. Aliingia kwenye mbio za miguu akiwa anaongoza, kisha wasaidizi wake wakaishiwa maji ya kumpa, wakampa bia. Mwaka 1982, kwenye shindano hilohilo, Julie Moss, mwanafunzi wa chuo, alikuwa anaongoza upande wa wanawake, mwili ukamwishia karibu kabisa na utepe. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akamalizia kwa kutambaa. Kathleen McCartney alimtangulia kwa sekunde 29. Picha zile za televisheni ndizo zilizoutangaza mchezo duniani, na ukizitazama leo unaona mtu aliyekauka, aliyeishiwa chakula na maji mwilini, huku nia yake ikiwa nzima kabisa.

Nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na kama wenzangu wengi wa mjini, bahari kwangu ilikuwa mahali pa kupunga upepo na kula mihogo ya kukaanga. Kuoga baharini tulioga sana. Kuogelea kilomita karibu mbili bila kugusa chini ni habari nyingine kabisa, na ndiko niliko na neno na sisi watu wa pwani: tunajisifia bahari ambayo wengi wetu hatuiwezi. Aliyenifundisha hakuwa kocha. Alikuwa kijana mvuvi wa Msasani, ambaye siku ya kwanza alikaa ukingoni mwa ngalawa yake akinitazama nikirusha mikono, povu kila upande, nisisogee.

"Kaka," akaniambia, "mbona unayapiga? Yamekukosea nini?"

Alichokuwa anakiona yeye, vitabu vya kuogelea hukieleza kwa maneno mengi. Mwogeleaji mgeni huinua kichwa kwa hofu; kichwa kikiinuka miguu huzama, na miguu ikizama mwili mzima unageuka breki. Kisha hubana pumzi. Akija juu anataka kutoa na kuvuta hewa kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kifua kinapojaa na moyo kwenda mbio. Dawa yake ni kutazama chini, kutoa pumzi taratibu ndani ya maji, na kupunguza mikono. Ukipunguza mikono unakwenda mbali zaidi. Nilichukua miezi kulikubali jambo hilo, kwa sababu mwili ukihisi unazama hautaki ushauri.

Bahari nayo ina ratiba yake, na haimsubiri mtu anayewahi kazini. Siku za bamvua maji yakitoka hutoka kweli. Ukichelewa kidogo asubuhi unakuta mawe matupu na akina mama wanaokota chaza. Siku za maji mafu ndizo nzuri kwa mwanafunzi, mkondo ni mdogo na unaweza kuogelea sambamba na ufukwe bila kusukumwa huku na kule. Kwa kuwa bamvua na maji mafu hufuata mwezi, nilianza kuufuatilia kuliko nilivyowahi kuufuatilia hata Ramadhani. Kuna yavuyavu pia, hasa kaskazi inapovuma. Huyazoei, unajifunza tu kutokupiga kelele.

Mwisho wa wiki ni zamu ya Barabara ya Bagamoyo. Saa kumi na moja alfajiri, taa mbele na nyuma, Tegeta bado imelala, Bunju mama ntilie wanawasha mkaa. Hofu ya hapo ni malori ya mchanga, na daladala inayokupita kisha inakata kushoto kumwahi abiria mmoja. Baiskeli ya mashindano ina tairi jembamba, na kokoto za pembeni zinalitoboa kirahisi, kwa hiyo tyubu ya akiba na pampu ya mkono ni vya lazima. Mazoezi yetu mengi yalikuwa Juni na Julai, wakati wa kusi, kwa hiyo kwenda Mapinga unasukumwa na upepo na kurudi unapigwa nao kifuani. Wageni kwenye kundi hufurahia mwendo wa kwenda, wakajiona mabingwa, wakaja kulia Bunju.

Kanuni ya kundi letu ni kwamba kwenye safari ndefu uweze kusema sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuongea, unakwenda kasi kuliko mazoezi yanavyotaka. Ni kanuni nyepesi kuieleza na ngumu kuishi nayo. Bodaboda anakupita, abiria wake anageuka na kucheka, na mapaja yana nguvu za kumfukuza mpaka mwisho wa lami. Unamwacha aende. Ukishuka unaegemeza baiskeli ukutani na kuanza kukimbia papo hapo, kilomita chache tu, ili mwili uzoee kubadilika. Dakika za kwanza miguu inakuwa kama umeazima. Baadaye inarudi, na kuijua hiyo "baadaye" ndiyo faida ya zoezi lenyewe.

Gharama ya yote haya haiko kwenye baiskeli peke yake, ingawa baiskeli nayo si mchezo, na ada ya kushiriki inahesabika kwa mamia ya dola. Gharama inalipwa nyumbani. Mama watoto aliwahi kuniambia kwamba Jumapili nimekuwa mgeni anayekuja kula na kulala. Hakuwa anatania sana. Anayetaka kuingia kwenye mchezo huu azungumze na mwenzake kabla ya kuzungumza na fundi baiskeli.

Kisha kuna tumbo. Mwili wa mtu mzima huhifadhi wanga wa kutosha kalori 2,000 hivi, na shughuli ya saa sita au saba inakula zaidi ya hapo. Kwa hiyo unakula huku unakwenda. Washauri wa lishe ya michezo husema gramu 60 mpaka 90 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 au 27, kwa hiyo hesabu mwenyewe: ndizi mbili na nusu kila saa, ukiwa kwenye kiti cha baiskeli, jua likiwaka, huna hamu hata ya kuiona ndizi. Ndiyo maana wengi hutumia jeli za viwandani. Mimi nilizoea tende zilizotolewa kokwa na kuviringishwa kwenye chumvi kidogo, nikazifunga kwenye karatasi ya foili na kuzipachika kwenye mfuko wa mgongoni. Chumvi si ya ladha. Mtu anayetoka jasho saa nyingi akinywa maji matupu kupita kiasi huizimua sodiamu ya damu, na hali hiyo imewahi kuua wanamichezo. Kunywa sana, ambako sote tulifundishwa ni wema, hapa kunaweza kuwa hatari.

Rubavu, nilikokwenda kushindana, iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar anaigundua hali hiyo kwenye ngazi za nyumba ya wageni. Siku moja kabla ya mashindano nilipanda kilima kimoja taratibu kuzijaribu gia, nikamkuta mzee anasukuma baiskeli yenye magunia ya viazi yaliyofungwa kwa kamba za mpira, breki zake zikiwa ni ndala mguuni. Tulipanda pamoja kipande kirefu, mimi kwenye baiskeli nyepesi kuliko gunia lake moja, naye akinitazama kwa adabu ya mtu asiyetaka kuuliza bei. Mwendo wetu ulikuwa sawa. Nchi hiyo iliandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani mjini Kigali Septemba 2025, ya kwanza barani Afrika, na ukiona watu wanavyopanda vilima na mizigo huwezi kushangaa.

Ziwa Kivu halina chumvi ya bahari, kwa hiyo halikubebi kama Msasani inavyokubeba. Miguu inataka kuzama tena kama siku za mwanzo. Huko chini sana ziwa hilo limehifadhi gesi ya methani, inayovutwa na kuzalishia umeme, lakini juu ni maji baridi kidogo, safi na matulivu asubuhi. Kwa kawaida kwenye 70.3 unapewa saa moja na dakika kumi kutoka majini, na jumla ya saa nane na nusu kumaliza yote. Niliingia na watu wa nyuma, nikainua macho kila baada ya mikono kadhaa kutafuta boya, na nikatoka pumzi zikiwa sawa. Wengine niliotoka nao walikuwa wamekwisha kwa kupigana na maji.

Kwenye baiskeli sheria inataka mita 12 kati yako na wa mbele, ili usinufaike na kivuli chake dhidi ya upepo; ukikaidi unaadhibiwa kwa kusimamishwa dakika kadhaa. Vilima vya Rubavu ndivyo vilivyochambua watu. Kijana mmoja alinipita akisimama kwenye pedeli, shingo imekaza mishipa, na watoto wa barabarani walimshangilia "Komera! Komera!", yaani jikaze, kwa haki kabisa, maana alipendeza. Mimi nilikuwa kwenye gia nyepesi kuliko zote, natafuna tende. Nilimkuta tena kwenye mbio za miguu kandokando ya ziwa, anatembea, mkono kiunoni, anatazama chupa ya maji kana kwamba imemtukana. Nilimpa pole, akatabasamu.

Rubavu inapakana na Goma, na Kiswahili kinasikika mitaani. Kwenye kilomita za mwisho mama mmoja aliyekaa na beseni la ndizi alinipigia kelele, "Papa, usisimame, ukisimama utalala hapa!" Huo ulikuwa ushauri sahihi kabisa wa kitaalamu. Nilimaliza kwa saa saba na ushei. Kundi langu la umri, kwa maana wasio wa kulipwa hushindana kwa makundi ya miaka mitano mitano, lilikuwa na watu waliokwisha kuoga na kula.

Kwa aliyesoma mpaka hapa na kuanza kuwashwa, asianze na 70.3. Yako masafa mafupi: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli, kilomita 5 za mbio, na baiskeli yoyote yenye breki nzuri inatosha. Umri si kisingizio. Mtawa wa Kimarekani Madonna Buder alimaliza Ironman nzima nchini Canada mwaka 2012 akiwa na miaka 82. Anza na maji, na usiende majini peke yako. Na kama una mtoto, mtafutie wa kumfundisha kuogelea hata kama hutaki kusikia habari za triatloni. Unguja, kijijini Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi yao ya stara, kwa hiyo haki ya kusema haiwezekani hatuna. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.