Rangi ya kung'aa si rafiki ya kiganja

Je, msomaji, umewahi kushika chuma kilichoshinda juani mjini Garissa? Saa nane mchana, joto la mji huo wa ukingoni mwa Mto Tana likiwa limepita digrii 35, bomba lililoachwa uani huwa moto kuliko hata hewa inayolizunguka. Utaliachilia kabla hujalinyanyua.

Nauliza kwa sababu vyuma vya mazoezi vya vijana wetu, kule kaskazini mashariki na hata katika mitaa ya Nairobi, aghalabu havinunuliwi. Hutengenezwa nyumbani: bomba la maji, mikebe miwili ya rangi, saruji kidogo na subira ya siku kadhaa. Gharama ni ndogo na mwili unajengeka. Tatizo huja mwishoni, kijana anapochukua brashi na kulipaka bomba zima rangi ya mafuta, nyekundu ya kumetameta, ili lifanane na vyuma vya kwenye picha.

Rangi hiyo ikikauka huwa laini kama sahani. Jasho likijaa kati yake na kiganja, mshiko unapotea. Na mtu aliyelala chali akiinua mtaimbo juu ya kifua hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua rangi, jiulize swali moja: chuma hiki kikiniponyoka, kitaangukia wapi? Kama ni kifuani au kichwani, mpini wake lazima ukwaruze. Mitaimbo ya kiwandani hukatwa mistari midogo ya kupishana kwa mashine ya kukereza, nayo huuma ngozi na kuzuia kuteleza. Lakini chuma unachokiinua sentimita chache tu kutoka mchangani ni habari nyingine. Hapo waweza kuchagua mpini laini na mnene kwa makusudi, maana kiganja hulazimika kubana zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza Thomas Inch alijipatia sifa kwa dambeli ya kilo 78 hivi. Wapo wengi waliobeba mizigo mizito kuliko huo, lakini mpini wake ulikuwa na unene wa sentimita 6 na haukuwa na mkwaruzo wowote, basi uliwabingirikia vidoleni.

Usidhani unene huo haupatikani kwetu. Mabomba ya maji huitwa kwa kipimo kisicholingana na upana wake wa nje. Lile la robo tatu ya inchi lina milimita 27 hivi, karibu sawa na mtaimbo wa Olimpiki wa wanaume wenye milimita 28. La inchi moja lina 34, la inchi moja na nusu 48, na la inchi mbili hufika 60, yaani unene ule ule wa Bwana Inch. Tahadhari tu kwamba bomba jembamba lina utupu ndani na hupinda likizidiwa.

Bomba la dukani huwa tayari limepakwa zinki. Zinki mpya huteleza kidogo; pitisha msasa mwepesi, bila kuimaliza, na utaona tofauti. Ikiwa utahitaji kuchomelea, mwambie fundi aiondoe zinki kwanza mahali pa kiungo na afanye kazi penye upepo. Moshi wake huleta homa na kutetemeka, na si ajabu mtu akaidhania malaria.

Wengine hupenda chuma kitupu kisichopakwa chochote. Kwa kiganja hakuna kitamu zaidi, na mimi ningekichagua hicho. Lakini jasho lina chumvi, nayo chumvi huita kutu. Kifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na usikioshe kwa maji ya chumvi kama yale ya visima vingi vya Wajir. Kutu ikiingia, brashi ya waya itaitoa. Kuhusu pepopunda, kutu yenyewe haina hatia: vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye samadi, na uani kwa mfugaji vyote viwili vipo. Mkono ukichanika, nenda zahanati.

Kuna pia wanaozungushia tyubu ya baiskeli. Hukinga joto na kuteleza, ila huficha jasho chini yake, na bomba huliwa kimya kimya. Ifungue mara kwa mara. Ama chaki, wanyanyua uzito hutumia magnesi kabonati, si ile ya mwalimu ubaoni.

Haya si ya wavulana peke yao. Mtungi wa lita 20 uliojaa una kilo 20 na ushee, na mama anayefunga kitambaa kwenye mshikio wake mwembamba amekwisha kufanya uamuzi huu huu bila kuandikiwa makala. Mwaka 2015 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti wa watu karibu 140,000 katika nchi 17: kila kilo 5 za nguvu za kiganja zilizopungua ziliandamana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa. Si kwamba kubana chuma kunarefusha maisha. Kiganja hutoa habari za mwili mzima.

Kwa binti anayefanyia mazoezi chumbani, au kwa babu, ningependekeza mpini wa mti. Mti hauchomi mkono na hunywa jasho kidogo. Mathenge umetapakaa Garissa na Tana River, na wafugaji wanaulaani kwa haki, lakini mbao yake ni ngumu na haipindiki ovyo ikikauka. Uache mpini ukauke kivulini wiki kadhaa, uusugue kwa msasa, basi. Vanishi usipake, itateleza kama ile rangi nyekundu. Na ukienda kuukata, vaa viatu vya soli nene, kwani miiba yake hutoboa hata gurudumu la gari.