Bunilizi ya Kisayansi na Bei ya Burudani

Makala haya yanajadili dai moja linalotolewa mara kwa mara kuhusu bunilizi ya kisayansi, nalo ni kwamba thamani ya utanzu huu imo katika utabiri. Mwandishi husifiwa kwa kukitaja chombo fulani kabla hakijaundwa. Kwa mpenzi wa utanzu huu, kama alivyo mwandishi wa makala haya, sifa hiyo ni finyu mno.

Chanzo cha dai hilo kinaeleweka. Hugo Gernsback, aliyeanzisha jarida la Amazing Stories nchini Marekani mwaka 1926, alikuwa pia mfanyabiashara wa vifaa vya redio, naye alitaka hadithi zifundishe sayansi. Hata hivyo, jambo lililodumu ni jingine. Jarida hilo lilichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao, nao wakaanza kuandikiana wao kwa wao. Burudani ikazaa mazungumzo.

Kinyume cha hali hiyo ndicho kinachosawiriwa na Ray Bradbury katika riwaya yake, Fahrenheit 451, iliyotolewa mwaka 1953. Wenye kuhesabu utabiri hutaja redio ndogo mithili ya kombe zinazotiwa masikioni, wakazilinganisha na Walkman ya mwaka 1979 na vifaa vilivyofuata. Ni kweli zinafanana. Lakini kiini hakipo hapo. Sebule ya Mildred, mkewe Montag, ina kuta tatu zilizogeuzwa kuwa runinga, naye anamsihi mumewe waweke ya nne, ambayo gharama yake ni dola 2,000, yaani theluthi ya mshahara wa mume huyo kwa mwaka. Aidha, huletewa mchezo ulioachiwa nafasi moja kwa ajili yake: waigizaji wanapomgeukia, husoma maneno aliyokwisha kuandikiwa. Kazi yake ni kuwakubalia tu. Hapa Bradbury hatabiri mashine. Anapima kiasi cha usemi anachobaki nacho mtazamaji aliyeaminishwa kwamba anashiriki. Tena, kwa maelezo ya Kapteni Beatty, jambo hili halikuanzia serikalini: watu wenyewe walitangulia kuacha kusoma, ndipo vitabu vikachomwa.

Baadhi ya wasomaji humwona Bradbury kuwa adui wa runinga. Rai hiyo haina mashiko, kwani kuanzia mwaka 1985 yeye mwenyewe aliandika mfululizo wa michezo ya runinga ulioitwa kwa jina lake.

Kigezo hichohicho kinafaa kwa riwaya ya Kiswahili ya Katama Mkangi, Walenisi (1995). Mhakiki atakayeuliza iwapo chombo kinachompeleka Dzombo katika sayari hiyo chaweza kuundwa atakuwa ameipita riwaya kando, kwa sababu jina lenyewe, likitenganishwa kuwa “wale ni sisi”, linamrudisha msomaji papa hapa duniani.