Bwana Tikolo na Mchezo wa Kriketi

Katika Garissa, Wajir na Mandera kijana akitaja mchezo, kwa kawaida husema mpira wa miguu. Kriketi ni mgeni huko. Hata hivyo habari za Bwana Steve Tikolo zafaa kujulikana na kila Mkenya.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1971 katika nyumba ya wachezaji, kwani ndugu zake Tom na David nao waliichezea Kenya. Katika kriketi mtu hushika gongo, akaupiga mpira anaotupiwa, kisha hukimbia ili ahesabiwe mikimbio. Tarehe 29 Februari 1996, huko Pune katika India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu. West Indies, mabingwa wa zamani, wakaishia 93! Tikolo alikuwamo.

Mwaka 2003 yeye ndiye aliyekuwa kapteni Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, wakaacha pointi. Lakini Sri Lanka walikuja, wakashindwa kwa mikimbio 53. Huko Durban India walikuwa na nguvu mno. Tikolo alipata 56, lakini haikutosha.

Alipoacha gongo, Tikolo aliwafundisha Waganda. Kenya, kwa bahati mbaya, ilipoteza mwaka 2014 hadhi yake katika mechi za siku moja. Mwaka 2024 Uganda iliingia Kombe la Dunia la mechi fupi, ikawashinda Papua New Guinea. Mwalimu alikuwa mwingine wakati huo, lakini mzee Frank Nsubuga, aliyewabana wapinzani siku ile, alikuwa amepita mikononi mwa Tikolo. Kenya haikuwamo mashindanoni.